Mtoto wa wiki 6 anagomea titi jioni tangu aanze chupa: ni chuchu, ni kasi, au maziwa yamepungua?

#1 Nana_K
Habari zenu wakuu. Mtoto ana wiki 6. Alizaliwa na kilo 3.4, sasa ana kilo 4.6. Ananyonya, na kwa wiki mbili hizi anapewa pia chupa mbili za maziwa ya kopo kwa siku, mililita 90 kila moja, ya kwanza saa kumi jioni na ya pili saa tatu usiku. Usiku wa manane na asubuhi ananyonya bila shida yoyote. Jioni ndiyo mtihani: anashika titi, anavuta mara nne au tano, anaachia, anajipinda kwa nyuma na kulia. Akipewa chupa anatulia.

Nimeambiwa kazoea chuchu ya chupa, nimeambiwa maziwa yamekata, nimeambiwa ni gesi. Wanaojua naomba waseme kipi hasa kinasababisha haya, na kama titi na chupa vinaweza kwenda pamoja bila kimoja kumfukuza mwenzake. Nia ni anyonye miezi 6 na kuendelea.

#2 Zawadi77
Ni chuchu hiyo. Mtoto kachanganya. Toa chupa siku tatu tu, atarudi mwenyewe.

#3 Mkunga_Mstaafu
Zawadi77, usimwambie mama aondoe chupa ghafla kabla hujajua mtoto anaitegemea kwa kiasi gani. Tupige hesabu. Mtoto wa umri huu anahitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa saa 24. Kilo 4.6 mara 150 ni 690. Chupa mbili za 90 ni 180, yaani robo ya chakula chake na zaidi kidogo. Ukiiondoa kwa siku moja wakati matiti yameshazoea kutengeneza hizo robo tatu, mtoto atashinda na njaa mpaka matiti yaitike, na kuitika huchukua siku kadhaa.

Nana_K, naomba mambo matatu. Uzito wake wa wiki ya 4 kabla chupa hazijaanza. Nepi zenye mkojo ni ngapi kwa saa 24. Na hiyo chupa ya 90 anaimaliza kwa dakika ngapi.

#4 Tabibu_Mdogo
Wakati tunasubiri majibu, mimi kwa maelezo ya #1 naona kasi ya maziwa. Kwenye titi mtoto huvuta vifupi vifupi kwa dakika moja, wakati mwingine mbili, ndipo homoni ya oksitosini isukume maziwa yashuke. Kwenye chupa maziwa yapo mdomoni tangu mvuto wa kwanza. Aliyezoea kupata papo hapo hana subira. Angalieni: anavuta mara nne au tano anaachia, yaani anaachia kabla maziwa hayajashuka. Mtoto huyohuyo usiku wa manane, titi limejaa na maziwa yanakuja upesi, hagomi. Kama ingekuwa ni kuchanganya chuchu, angechanganya saa zote.

#5 Sikitu
Tabibu, nusu ya maneno yako nayakubali, ila umeruka titi lenyewe. Maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotoka. Titi likikaa limejaa, ndani ya maziwa yenyewe kuna kizuizi kinachoziambia seli zipunguze kazi. Sasa chupa ya saa kumi inapotolewa bila mama kukamua, titi linakaa limejaa, kisha inakuja ya saa tatu, tena bila kukamua. Siku 14 mfululizo, saa zilezile. Ongeza na prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, ambayo hupanda usiku. Kwa hiyo usiku wa manane maziwa ni mengi, jioni ni machache. Mtoto halalamikii chuchu wala kasi, analalamikia kiasi.

#6 Chausiku
Mbona hakuna anayetaja umri? Wiki ya 6 hivi ndiyo kilele cha kulia kwa watoto wachanga, na kilio hicho hupenda jioni, kwa wa titi na wa chupa sawasawa. Tena watoto wengi wa titi jioni hunyonya mfululizo: wanashika, wanaachia, wanalia, wanarudi baada ya nusu saa. Huyu angefanya hivyo hata kama chupa isingeingia ndani ya nyumba. Na matiti kuwa laini kuanzia wiki ya 6 si dalili ya kukauka, ni kwamba yamejipanga kulingana na mtoto. Akina mama wengi huongeza chupa wiki hii hii kwa sababu ya mambo hayo mawili, kilio cha jioni na titi laini, na yote mawili ni ya kawaida.

#7 Nana_K
Shukrani kwenu. Wiki ya 4 alikuwa kilo 4.0. Siku ya 12 alikuwa amerudia uzito wake wa kuzaliwa, 3.4. Nepi za mkojo ni 7 au 8. Chupa anaimaliza kwa dakika 5, siku nyingine 4. Chuchu ya chupa ina alama ya namba 2.

#8 Mzee_wa_Hesabu
Siku ya 12 hadi wiki ya 4 ni siku 16, kaongeza gramu 600: kama gramu 37 kwa siku, kwa titi peke yake. Wiki ya 4 hadi ya 6 ni siku 14, kaongeza gramu 600: kama 43 kwa siku, titi pamoja na chupa. Miezi 3 ya mwanzo tunatarajia gramu 20 hadi 30 kwa siku, na wengi wenye afya huzidi hapo. Maana yake mtoto alikuwa anashiba kabla ya chupa. Mililita 180 za kopo kila siku zimemwongezea gramu 6 tu. Kama zingekuwa chakula cha ziada mngeona ongezeko kubwa zaidi. Sehemu kubwa ya chupa imechukua nafasi ya titi.

#9 Sikitu
Ndicho nilichosema #5. Karibu Mzee na kikokotoo chako.

#10 Mkunga_Mstaafu
Polepole hapo. Gramu 6 kwa siku kwa siku 14 ni gramu 84. Nepi iliyolowa inaweza kubeba hizo, na mizani miwili tofauti inaweza kuzidiana zaidi ya hapo. Hesabu ya #8 inatosha kusema mtoto hakuwa na njaa, na nepi 6 au zaidi kwa siku zinasema hivyohivyo. Haitoshi kusema chupa zimekula nafasi ya titi kwa kiasi gani.

Kinachonishtua mimi ni hizo dakika 4. Mililita 90 kwa mtoto wa wiki 6 zinatakiwa zichukue dakika 15 hadi 20. Kwa dakika 4 hanywi, anameza kujiokoa. Fanyeni hivi. Mkalishe karibu wima, shingo na mgongo vimeshikiliwa na mkono wako, asilale chali. Gusisha chuchu ya chupa kwenye mdomo wa juu, subiri apanue mdomo kama wa kushika titi, aivute mwenyewe, midomo ifike kwenye kitako kipana cha chuchu na si kwenye ncha. Chupa ikae karibu mlalo, maziwa yajae nusu ya chuchu tu. Baada ya kumeza mara 20 hivi inamisha chupa chini huku chuchu ikiwa bado mdomoni, maziwa yarudi nyuma, apumue. Akianza kuvuta tena, inua.

Msisubiri hesabu ya 20 kama mnaona nyusi zimepanda, vidole vimetanuka, au maziwa yanatiririka pembeni mwa mdomo. Hizo ni dalili kwamba imemzidi. Ikifika nusu ya chupa mhamishie mkono wa pili kama mnavyobadilisha titi. Akigeuza uso au akilegea, basi, hata kama 30 zimebaki ndani. Kumalizia kwa lazima ndiko kunakomfundisha kushiba kwa kipimo cha chupa badala ya tumbo lake.

#11 Zawadi77
Nauliza kwa kutojua: namba 2 si ndiyo ya mwezi wa pili?

#12 Tabibu_Mdogo
Hapana. Namba ni za mtengenezaji, na namba 1 ya mmoja inaweza kuwa na kasi ya namba 2 ya mwingine. Pima wewe mwenyewe: jaza maziwa, pindua chupa kichwa chini bila kuitikisa. Yakidondoka tone moja moja kisha yakasita, inafaa. Yakitoka kama uzi, ni ya haraka mno kwa mtoto anayenyonya pia. Mwenye titi na chupa abaki na chuchu ya polepole kabisa kwa miezi yote, hakuna sheria ya kupanda namba. Na chuchu iliyochemshwa mara nyingi hulainika na tundu lake hutanuka. Ikinata mkononi, ikibadilika rangi au ikipasuka, tupa.

Kuhusu umbo, chuchu zenye kilele chembamba kinachotokeza kutoka kwenye kitako kipana sana humfanya mtoto ashike ncha tu. Zinazopanuka taratibu kutoka kwenye ncha hadi kitako humlazimisha apanue mdomo. Msidanganywe na maandishi ya "kama titi la mama" kwenye boksi.

#13 Kijiko
Wakuu, kwa nini tusiseme ukweli kwamba chupa ya saa tatu usiku ukiiongeza kijiko kimoja cha unga mtoto analala mpaka asubuhi na mama anapumzika?

#14 Mkunga_Mstaafu
Kijiko, hapana, na nasema kwa herufi zote. Unga ukizidi maji, chumvi na protini huzidi uwezo wa figo za mtoto mchanga. Anapata kiu, analia, anaonekana ana njaa, anapewa tena chupa nzito. Mwisho ni kukosa choo, kuishiwa maji mwilini, na sodiamu kupanda hadi kiwango cha kumletea degedege. Ukipunguza unga ili kopo lidumu, nako ni utapiamlo wa polepole, na maji yakizidi sodiamu hushuka, nayo huleta degedege pia. Makopo mengine ni kijiko kimoja kwa mililita 30, mengine kimoja kwa 60. Kijiko hakihamishwi kutoka kopo moja kwenda jingine. Kijaze bila kukandamiza, kikwangue juu kwa kisu safi, maji yatangulie kwenye chupa kisha unga.

Na asilale mpaka asubuhi. Wiki ya 6 kunyonya usiku ndiko kunakoshikilia maziwa ya mchana.

#15 Chausiku
Hapo kwenye maji ongezea joto. Mwongozo wa WHO na FAO wa mwaka 2007 unataka maji yasiyopungua nyuzi 70 yanapomiminwa, kwa sababu unga wa kopo si tasa. Unaweza kuwa na bakteria wa Cronobacter, na moto huo ndio unaowaua. Chemsha maji, yaache yapoe kwa muda usiozidi dakika 30, mimina, weka unga, funga, zungusha, kisha poza chupa chini ya bomba au kwenye bakuli la maji baridi. Dondoshea ndani ya kifundo cha mkono, usisikie moto. Wengi hufanya kinyume: maji yamepoa tangu asubuhi, wanatia unga, wanatikisa. Maji ya kwenye chupa ya chai nayo yapimwe, maana chupa nyingi hushuka chini ya 70 baada ya saa chache.

Iliyotengenezwa na kuachwa mezani, saa 2 mwisho. Iliyopozwa haraka ikaingia kwenye friji lisilozidi nyuzi 5, saa 24. Iliyobaki baada ya kunywewa humwagwa, mate yameshaingia.

#16 Nana_K
Maji hapa yamekuwa yakichemshwa asubuhi na kutumika mpaka jioni. Nabadilisha leo. Naomba turudi kwenye titi pia.

#17 BabaMapacha
Mimi naona mjadala wote umekubali chupa kama hakuna kingine. Kikombe kidogo cha wazi kipo, na WHO na UNICEF wamekipendekeza miaka mingi kwa watoto wanaohitaji nyongeza. Mtoto anakalishwa wima, amefungwa shuka mikono isipige, ukingo wa kikombe unakaa juu ya mdomo wa chini, kinainamishwa mpaka maziwa yaguse tu midomo. Humimini. Analamba au anafyonza mwenyewe. Hakuna chuchu ya kumchanganya, hakuna kasi ya kumharibu, na kikombe kinaoshwa vizuri kwa sabuni na maji ya moto, hakina kona za kujificha uchafu. Chupa ina chuchu, pete na nyuzi za kufungia, na kila moja inahifadhi utando wa maziwa.

#18 Zawadi77
Yanamwagika nusu, Baba Mapacha! Mama hajui hata mtoto kanywa ngapi.

#19 BabaMapacha
Yanamwagika kwa asiyefundishwa. Weka kitambaa chini ya kidevu, pima kilichobaki, na hesabu ya siku nzima badala ya mlo mmoja.

#20 Tabibu_Mdogo
Kikombe kizuri, ila tukubali kwamba ushahidi wenye nguvu zaidi wa kikombe unatoka kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Hata zile hatua kumi za WHO na UNICEF za hospitali rafiki kwa mtoto, zilipopitiwa upya mwaka 2018, ile ya kukataza chuchu na nyonyo za bandia ilibadilika ikawa kumshauri mama juu ya matumizi yake na hatari zake. Kwa huyu wa wiki 6 ambaye usiku ananyonya vizuri sioni sababu ya kutupa chupa, arekebishe kasi.

#21 Zawadi77
Basi bado mnanipinga mimi na chuchu zangu. Lakini Tabibu, mbona kuna watoto wanaogoma titi hata chupa ikiwa ya polepole?

#22 Sikitu
Swali zuri. Titi linatanuka ndani ya mdomo, linafika karibu na kaakaa laini, na ulimi unashuka kutengeneza mvuto wa kunyonya. Chuchu ya chupa ina urefu wake uleule na ugumu wake uleule, na maziwa yanatoka hata kwa kubana kwa fizi tu. Mtoto aliyezoea kubana akija kwenye titi hubana, mama anaumia, maziwa hayatoki. Kwa hiyo Zawadi hajakosea kabisa. Ninachosema ni kwamba kwa kesi ya #1 mama hajataja maumivu wala michubuko, na usiku mtoto anashika vizuri. Mdomo unajua kazi yake.

#23 Mama_Salama
Samahanini, kuna jambo zito halijaguswa. Kliniki tulifundishwa kuchanganya titi na kopo ni hatari, ama titi tupu ama kopo tupu. Mbona humu mnaongea kama kawaida?

#24 Mkunga_Mstaafu
Mama_Salama, hilo lilielekezwa kwa mama anayeishi na VVU, na lilikuwa na msingi. Utafiti wa Durban uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha watoto wa titi tupu waliambukizwa kidogo kuliko wa mchanganyiko, katika zama ambazo mama hakuwa na dawa. Tangu mwaka 2016 mwongozo wa WHO na UNICEF umebadilika: mama anayetumia ARV ipasavyo anyonyeshe angalau miezi 12, na anaweza kuendelea hadi 24 au zaidi. Miezi 6 ya kwanza titi pekee bado ndilo bora, lakini kuchanganya si sababu ya kuacha kunyonyesha. Cha msingi ni dawa kila siku na kufuatilia wingi wa virusi. Mama wa namna hiyo aongee na wahudumu wake kabla ya kubadili chochote.

Kwa mama mwingine yeyote, titi pekee miezi 6 ndiyo shabaha ya WHO, na kuchanganya ni kupungua kwa kinga na maziwa. Kila mililita ya titi inayobaki ina faida yake. Kinachokatazwa kwa wote kabla ya miezi 6 ni maji, uji, chai na maziwa ya ng'ombe.

#25 Chausiku
Na tukiwa hapo: Nana_K, kama ulikuwa unategemea kunyonyesha kama uzazi wa mpango, ujue chupa mbili zimeivunja hiyo njia. Inafanya kazi kwa masharti matatu pamoja: hedhi haijarudi, mtoto hajafika miezi 6, na ananyonya titi pekee au karibu pekee, nafasi kati ya kunyonya na kunyonya isizidi urefu wa saa 4 mchana wala urefu wa saa 6 usiku. Masharti yakitimia kinga ni kama asilimia 98. Sharti moja likivunjika, tafuta njia nyingine. Na vidonge vyenye estrojeni havifai sasa, vinaweza kupunguza maziwa. Vya projestini pekee vinafaa.

#26 Kijiko
Uzi wa chupa umefika uzazi wa mpango, humu ndani nawapenda bure.

#27 Nana_K
Chausiku, hilo sikulijua kabisa, asante. Sasa naomba utaratibu. Nianzie wapi, titi kwanza au chupa kwanza?

#28 Sikitu
Titi kwanza, daima. Mnyonyeshe dakika 20 hivi akiwa hana njaa kali, yaani anapoanza kutafuta kwa mdomo na kulamba mikono, kabla hajalia. Akipunguza kumeza, bana titi kwa kiganja, vidole mbali na chuchu, shikilia wakati anavuta, achia akipumzika. Meza zikiisha mhamishie la pili, kisha rudi la kwanza. Chupa ya mwisho, kwa kile kilichokosekana. Punguza mililita 15 kwenye kila chupa kila baada ya siku 2 au 3, mradi nepi hazishuki chini ya 6 na uzito unapanda. Kila chupa inayotolewa bila titi kutangulia, kamua wakati huohuo au ndani ya saa moja.

#29 Tabibu_Mdogo
Hapa natofautiana. Mtoto aliyekwisha kuvurugwa na kasi, ukimpa titi akiwa na njaa ya jioni, unarudia ugomvi uleule kila siku, na atalihusisha titi na kulia. Mpe mililita 20 hadi 30 za chupa kwanza, polepole, makali ya njaa yashuke, kisha titi amalizie hapo hapo na alale hapo. Na titi liamshwe kabla: kamua kwa mkono mpaka maziwa yaanze kushuka, ndipo umweke. Akivuta mara ya kwanza anakuta tayari.

#30 Sikitu
Mililita 30 kabla ya titi kila mlo ndizo baadaye huwa 60. Nimesimama palepale.

#31 Mkunga_Mstaafu
Kuna njia ya tatu kwa anayeweza: mrija mwembamba wa kulishia. Ncha moja ndani ya kikombe cha maziwa, nyingine imebandikwa kwa plasta iishie sawa na ncha ya chuchu. Mtoto anashika titi pamoja na mrija, anapata maziwa tangu mvuto wa kwanza na papo hapo analisisimua titi. Kikombe kikiinuliwa maziwa huenda haraka, kikishushwa huenda polepole. Usafi wake ndio mgumu: suuza kwa bomba la sindano mara baada ya mlo, na usitumie mrija uliobaki na utando ndani.

Kuhusu mpangilio, wote wawili wana hoja. Mama ajaribu mmoja kwa siku 4 au 5 kabla hajauhukumu.

Tahadhari moja kwa anayepunguza au kuruka titi: ruka moja kwa wakati, siku 3 hadi 7 kabla ya kuruka jingine. Likijaa na kuuma, kamua kidogo tu lilegee. Fundo likitokea, usilikande kwa nguvu wala kulikamua mpaka liishe; mwongozo wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha madaktari wa unyonyeshaji, wa mwaka 2022 umeachana na hayo, unasema endelea kunyonyesha kama kawaida na tumia ubaridi kupunguza uvimbe. Homa, wekundu unaosambaa na hali mbaya visivyotulia ndani ya siku moja ni vya kwenda kituo cha afya.

#32 Mzee_wa_Hesabu
Nyongeza ya kipimo: uzito upimwe mara moja kwa wiki, mizani ileile, mtoto uchi, kabla ya kunyonya. Kila siku ni kujitia wazimu.

#33 Nana_K
Wiki hii naanza na chuchu ya polepole, mkao wa #10 na maji ya moto, titi kwanza kama Sikitu alivyosema. Swali la mwisho: maziwa yangu niliyokamua naweza kuchanganya na ya kopo kwenye chupa moja?

#34 Chausiku
Unaweza, lakini tengeneza ya kopo kwanza kwa maji kamili, yapoe, ndipo uongeze ya titi. Usitumie maziwa ya titi badala ya maji kukorogea unga, ni kosa la #14 kwa njia nyingine. Ila afadhali vyombo viwili: ampe ya titi kwanza yaishe, kisha ya kopo. Akibakiza mchanganyiko, unamwaga yote.

Ya titi uliyokamua sasa hivi hukaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Chumba kikiwa na joto zaidi, yaingize kwenye friji mara moja. Friji siku 4, nyuma kabisa na si mlangoni. Pasha kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, zungusha ili mafuta yaliyopanda juu yachanganyike. Maikrowevu hapana, huacha sehemu za moto mkali katikati ya maziwa na kumuunguza mdomo. Na ukikamua ukapata mililita 40 tu usidhani ndiyo yaliyomo titini. Mtoto anayeshika vizuri hutoa zaidi ya pampu.

#35 Zawadi77
Nana_K, kiwiko au mkono ukichoka wakati wa kukamua, na kikombe cha pampu kikiwa kikubwa au kidogo mno, maziwa hayatoki hata kama yapo. Chuchu isisuguliwe pande zote, na sehemu nyeusi isivutwe yote ndani. Tuambie namba ya kikombe ulichonacho.

#36 Nana_K
Imeandikwa 28. Na chuchu inasuguliwa upande wa chini.

#37 Zawadi77
Pima chuchu kwa rula kabla ya kukamua, upana wa kitako chake tu bila eneo jeusi, kwa milimita. Kikombe kiizidi kwa milimita 2 au 3 hivi, ila kukamua bila maumivu ndiko kunakoamua. Kama chuchu ni 18, basi 28 ni kikubwa, kinavuta na ngozi ya pembeni. Hakikisha pia imekaa katikati ya tundu, maana kusuguliwa upande mmoja tu mara nyingi ni mkao. Weka hapa kipimo.